Chembe za Madoa

3 Machi

Shikamoo baba,

Vipi mgongo? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Najua hutaki kunisikia tangu useme maabara yetu itaifunga bucha yako. Lakini sina mwingine wa kumuuliza. Zile chembe hai tulizotoa begani kwa ng'ombe wetu Madoa kabla hujamchinja, tunazozikuza ziwe nyama, zinakufa. Tunazilisha mchuzi wa sukari, chumvi na vitamini. Zamani tulitia na majimaji ya damu ya ndama, zikanawiri. Mkuu wa maabara amekataza, sasa tunatia protini ya maharage, na siku ya tatu zinanywea zote. Zimebaki chupa mbili. Zikiisha, miaka yangu minne imekwenda bure. Wewe umeshika nyama miaka thelathini, baba. Nifanyeje?

Bintiyo

12 Machi

Shikamoo baba,

Kimya chako kinaniumiza kuliko maneno yako. Hasira hasara, ulinifundisha mwenyewe. Imebaki chupa moja. Nimebadili sukari, nimebadili maharage, vyombo nasugua mwenyewe kwa sabuni mpaka vidole vinachubuka. Niandikie, hata kwa kunigombeza.

Bintiyo

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Mgongo una kiburi kama mwenye nao. Barua yako ya kwanza niliiweka chini ya mizani, nikaapa sijibu. Ya pili nayo nimeikalia siku nne.

Mchuzi wako siujui. Ila umetaja sabuni. Nilipoanza kazi, bwana wangu alinizaba kofi kwa kuosha gogo la kukatia kwa sabuni. Haitoki yote, nyama inaishika. Mimi ni maji ya moto tu, mara saba. Suuza.

Baba yako

23 Machi

Shikamoo baba,

Nimesuuza chupa tupu. Povu limetoka mpaka mara ya tano. Kumbe damu ya ndama ilikuwa ikizikinga chembe na sabuni yangu, maharage hayawezi.

Barua yako imefika leo. Chupa ya mwisho nimeimwaga juzi, imekufa. Ungeniandikia siku ile ile. Nimechoka kulia.

Bintiyo

27 Machi

Mwanangu,

Salamu sina uso wa kuzitoa. Madoa aliacha mtamba, ndama wake jike aliyekwishakua. Mteja anamtaka Jumamosi, nimemkatalia. Njoo na sindano yako, utoe chembe begani. Maji ya moto nitabandika.

Baba yako

16 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu. Mtamba sijamchinja. Maji nabandika kila asubuhi.

Baba yako