Mbu wa Milanzi

Milanzi, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kornel,

Mwanaume mzima unajificha nyuma ya samaki! Mwezi uliopita ulituma ndoo ya dagaa, mwezi huu umetuma ndoo ya dagaa, na sura yako hatuioni. Mimi sikuzaa dagaa. Nikikupigia simu unasema mtandao wa ziwani unakatakata, basi nimekaa chini niandike, na karatasi haikatiki. Barua hii atakupa Oswaldi dereva mkononi. Nimemwambia asimame hapo hapo mpaka uifungue, hata kama abiria watamtukana.

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuituma. Marahaba. Habari za Kirando? Kifua kimepona? Unalala pakavu? Mimi mama yako ni mzima, goti ndilo lile lile la siku zote. Mahindi yamekomaa, ulezi umebeba vizuri na ndege wanautafuna, nawatazama tu. Nakula kwa kuwa saa ya kula imefika. Juzi nilisonga ugali nikapakua sahani tatu, yangu, ya mkeo Winifrida na ya Salome, nikakaa nazo mpaka ugali ukaota ngozi. Wala sikulia. Tangu tulipomzika mtoto wako mwezi wa pili sijui machozi yangu yamekwenda wapi, na sina haja ya kuyatafuta. Nakueleza ujue nyumba ilivyo.

Habari yenyewe ni kwamba tumetembelewa na watu wa mbu. Ndivyo mtaa unavyowaita. Wanazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, wanatafuta mbu wanakozaliwa. Sisi tulidhani wamepotea njia. Huku juu tumezaliwa kwenye baridi, na tangu babu zetu tunajua mbu ni wa chini, wa bondeni Rukwa na wa huko ziwani kwako, na akijaribu kupanda mlima anafia njiani. Chandarua nilichogawiwa nimefunikia miche ya kabichi. Usinicheke, katekista wetu chake kimezungushiwa vifaranga.

Monika jirani aliwauliza kama mbu wanawapima kimo au kiuno, ili tuwashonee sare. Wakacheka sana. Mzee Yohanes yeye aliwafungia geti, akasema ardhi za watu ndivyo zinavyoondoka, wanaanza na mbu wanamaliza na bikoni, yale mawe ya kupimia viwanja. Mkubwa wao ni mama mmoja mfupi, jina lake Adela, kavaa mabuti ya mpira, mkononi ana upawa wenye mpini mrefu kama wa kupakulia harusini. Anachota maji kwenye mitaro, kwenye matairi, kwenye mapipa ya mafundi, hata kwenye nyayo za ng'ombe, anayakodolea macho, na mwenzake Evaristi anabonyeza simu. Wanauliza maji yanakaa muda gani bila kukauka, nani analala karibu, kuta zina nyufa, nani kaumwa. Nilimuuliza Adela kama hana kazi nyumbani kwake. Akasema kazi ndiyo hii, wajue ni wapi mbu wamejaa na ni wapi hawapo, ili dawa ipelekwe panapotakiwa, isirushwe ovyo kama maji ya baraka. Hapo nikamwona ana akili kidogo.

Kwangu hawakutazama nyumba. Walikwenda moja kwa moja kwenye shimo lako. Unalikumbuka? Ulichimba udongo wa tofali za nyumba yako, tofali ukachoma, nyumba hukujenga, ukashuka Kirando, shimo ukatuachia. Mvua ikalijaza. Winifrida alikuwa anafulia humo, na mjukuu wangu Salome, mke mwenzangu wa utani, anaelesha majani akisema ni mitumbwi ya baba.

Adela akachota, akaniita nione. Viluwiluwi. Akanionyesha kwamba vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wa kelele, lakini hivi vilivyolala bapa juu ya maji kama vibanzi ndivyo vya mbu wa malaria. Humo vilikuwa vimelala vingi. Kwenye simu yao kuna ramani, mji mzima unauona kama wewe ni mwewe. Evaristi akabonyeza, kikatokea kidoa chekundu juu ya kiwanja changu. Nikamuuliza kwa nini amenidondoshea damu nyumbani kwangu. Akasema samahani bibi, hauko peke yako, akanionyesha madoa mengine, moja nyuma ya uzio wa Yohanes, mengine yamefuatana kwenye mashimo ya tofali mpaka kule mtoni. Mji unajengwa, kila anayejenga anachimba, na hakuna anayefukia.

Mimi nikamkatalia. Nilimwambia mbu hao wameletwa, mkwe wangu aliwabeba kwenye vitenge kutoka kwao Milepa huko bondeni, na ndio waliomuua mjukuu wangu. Nilisema hivyo, Kornel, kwa sababu ndivyo wewe ulivyosema. Siku ya kuanua matanga ulisimama mbele ya jumuiya nzima ukamnyooshea Winifrida kidole, kwamba amemshusha mtoto wako kwenye mbu, amemuua, basi na yeye ashuke huko huko asipande tena. Akafunga nguo zake watu wakiwa bado wanakula. Mimi nilinyamaza. Mke ni wako, siyo wangu.

Adela akaniuliza walishuka lini, na mtoto alianza kuchemka lini. Nikamwambia walishuka Ijumaa kwenye msiba wa shangazi ya Winifrida, na usiku ule ule mtoto akachemka. Jumapili wakapanda naye anatapika. Kilichofuata unakijua.

Yule mama akageuza ndoo yangu akaikalia. Nikafikiri goti na yeye linamsumbua. Halafu akasema malaria haiko kama pilipili, ukiila sasa inawasha sasa. Mbu akikuuma leo, ugonjwa unajificha mwilini juma zima, mara nyingi hata zaidi, ndipo homa itoke. Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, akanishika mkono, nikautoa. Akauliza kama mtoto alikuwa ametoka kwenda mahali pengine kabla ya hapo. Nikasema tangu Krismasi hakuvuka hata Milanzi. Akasema hawezi kuniapia kuwa ni mbu wa shimo hili au la jirani, lakini ni mbu wa hapa hapa.

Umeelewa? Soma tena kama hujaelewa, mimi pia nilirudiwa. Mtoto hakuitoa homa Milepa. Aliipeleka. Alishuka nayo mwilini akiwa mgongoni kwa mama yake.

Nilimuuliza Adela kama anakunywa chai. Akasema anakunywa. Nikachemsha, tukanywa, akaondoka, nikaosha vikombe.

Sasa kuna jambo hulijui. Alhamisi nilikwenda Milepa. Ndiyo, mimi, na goti langu, na mteremko wote ule, na sikumuaga mtu. Nilimkuta Winifrida uani kwa baba yake, mzee Fransisko, anapepeta mchele. Amekonda. Aliniamkia vizuri, akanipa kigoda, akarudi kwenye ungo wake. Nilimweleza yote baba yake akisikia, kuhusu viluwiluwi, kuhusu shimo, kuhusu homa inavyojificha. Hakulia wala hakunishukuru. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Kornel anajua. Nikasema bado. Akaendelea kupepeta.

Mchele ulipokwisha ndipo akasema. Alisema usiku ule Milepa alimlaza Salome ndani ya chandarua, akakichomeka chini ya godoro pande zote, akapitisha mkono kuhakikisha. Alikuwa na uhakika. Lakini ulipomnyooshea kidole mbele ya watu uhakika ukamtoka. Akaanza kuwaza labda upande wa ukutani hakuuchomeka. Labda uliachia mtoto alipogeuka. Anasema kila usiku anaamka, anapapasa godoro upande wa ukutani, na pale hapana mtoto. Mpaka nilipofika Alhamisi, yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini kuwa amemuua.

Hilo ndilo ulilomfanyia, mwanangu. Mbu ni mdudu, hana jumuiya ya kusimama mbele yake.

Mzee Fransisko hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema binti yake alirudishwa mchana, watu wakiona, na hawezi kupandishwa mlima na maneno ya bibi kizee, hata yawe ya kweli. Winifrida mwenyewe hakusema atarudi, hakusema hatarudi. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mchele kwenye kanga. Upo, sijaupika.

Shimo lisikusumbue. Tunalifukia mimi na Monika, kila jioni matoroli kadhaa ya udongo na vipande vya tofali zako zilizobaki. Hata Yohanes amekuja na sururu, ingawa bado anadai tunachimbiwa bikoni. Chandarua nimekitoa kwenye kabichi, nimekifua, kimetoboka, nimekishona.

Msalimie Victor mwenzako wa mtumbwini, mwambie sweta yake nimeimaliza. Wasalimie wote wanaokupikia huko. Padri anakusalimu, na amekuombea, ingawa mimi nilimwambia akuombee aibu kwanza. Mungu akulinde na mawimbi.

Usinijibu kwa barua, wala usitume ndoo. Ukimaliza kusoma panda gari la Oswaldi, ufike hapa ulale, asubuhi ushuke Milepa. Mzee Fransisko awaite watu wake, na mimi nitashuka na wanajumuiya watakaopenda. Usimame pale, na kwa sauti ile ile uliyoitumia uani kwangu, umwambie mkeo kwamba chandarua alikichomeka. Uanze na hilo kabla ya salamu. Akikataa kurudi usimshike mkono. Akikubali, kwenye gari apande yeye kwanza, wewe umfuate nyuma na mizigo.

Mama yako,
Bertilla