Rangi Bado Mbichi

Kwa dada yangu mpenzi Petra,

Nakusalimu sana, dada, nikitumaini u mzima. Mama hajambo? Mgongo umempa nafuu? Nisalimie shemeji Hilario, na Rufina, na pacha wake mkorofi, na shangazi Nicanora, mwambie dawa yake ya kifua imenifaa. Hata nyumbu wenu wa mizigo msalimieni, nina shida naye, nitaeleza. Mwandiko wangu usiucheke. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Sisi hatujambo, na nikisema sisi namaanisha Delfina pia. Najua mliletewa habari kwamba mwanangu anakufa kwa ndui. Kweli ilifikia hapo. Padre alishampaka mafuta. Mama mkwe, Doña Escolástica, akamwita Don Eligio, yule mchoraji anayezunguka vijijini, amchore kama wanavyochorwa malaika wetu wadogo, watoto waliokufa: mashavu laini, macho yamefumbwa, taji la maua, tawi la mtende mkononi. Mimi nikakatazwa kulia, eti nitamlowesha mabawa.

Siku ya tatu, Don Eligio akimalizia taji, mtoto akafumbua macho akaomba uji wa mahindi. Akaitazama picha.

"Huyo si mimi," akasema. "Huyo kashiba."

Nilicheka, dada, mpaka nikaketi chini.

Mama mkwe hakucheka. Alisema mtoto aliyekwisha kuvishwa taji ni wa Mungu, harudi jikoni kupukuchua mahindi. Tena kwa uso ule wenye makovu, nani atamposa? Ameshakubaliana na watawa wa mjini, Ijumaa wanakuja kumchukua. Ana miaka sita. Nilimlilia mume wangu Anselmo, akanijibu kwamba mama yake ndiye mwenye nyumba. Kila nilipofungua mdomo, Doña Escolástica alinionyesha ile picha kama hati ya hakimu.

Sasa nikwambie nilichofanya, wala sijutii. Jumapili walipokwenda kanisani nilibaki. Mvua hizi zimeizuia rangi ya mafuta kukauka. Nikachukua kitambaa na tapentaini ya Don Eligio ya kuyeyushia rangi, nikafuta taji. Nikafuta mtende. Nikafuta kope. Kisha kwa pini yangu ya nywele nikatoboatoboa mashavu, kovu baada ya kovu, Delfina ameketi mbele yangu nisikosee hata moja. Don Eligio akaingia. Nilijua atanifokea. Akaitazama picha, akachukua brashi.

"Macho yake rangi gani?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Sasa yako wazi, yanamtazama mtu usoni. Mama mkwe bado hajajua. Don Eligio amejifungia na picha katika chumba alichopewa hapa, anadai anaimalizia.

Alhamisi alfajiri tunatoka, mimi na Delfina. Picha simwachii mtu. Nitaibeba mgongoni, uso nje kwa kuwa bado mbichi, na atakayetukuta njiani amtazame mwanangu atosheke. Hilario atungoje darajani na nyumbu, maana miguu ya mtoto bado haina nguvu. Mama akisema mwanamke aliyeolewa harudi kwao, mwambie sijarudi, nimemletea mjukuu wake.

Wabusu wote. Jibu mpe huyuhuyu muuza chumvi aliyekuletea barua, tena leo hii, kabla hajashusha mzigo akalala huko kwenu. Neno moja linatosha.

Ni mimi mdogo wako,
Eduviges