Sauti ya Tatu Nyuma ya Ukuta

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi ya kutoa moshi mdomoni. Jua halijaonekana hapa Kianda tangu juzi, nguo nilizofua Ijumaa bado zinaning'inia zikiwa mbichi, na mimi nimejifunika leso mbili juu ya blanketi nikiandika hii kwa simu.

Nina wivu.

Hilo neno nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Kwanza niliweka "nimechoka", halafu nikaweka "sijisikii vizuri". Uongo mtupu. Ni wivu, tena ule wa kitoto kabisa, wa kumwangalia mtu akinywa chai na kuomba imuunguze ulimi.

Mtu mwenyewe anaitwa Felix. Aliingia kwaya yetu mwezi uliopita. Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza, kwaya yetu ni ile ndogo, ya watu wachache wasiotumia kinanda wala spika, na tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi ulio nyuma ya ploti ya kina Mwaniki huko Kawangware. Mimi naimba sauti ya tatu, yaani tenor. Ndiyo, na mimi ni mwanamke. Sauti yangu ilishuka huko chini nikiwa bado shule ya msingi na haijawahi kufikiria kupanda. Kwenye tamasha watu hugeuza shingo kutafuta hiyo sauti inatoka wapi. Nikisema ukweli, napenda wakigeuza shingo.

Tuko tenor wanne. Tangu kwaya ianze, solo ya tenor ikitokea kwenye wimbo wowote, inakuwa yangu na hakuna anayeuliza. Sasa juzi juzi mwalimu wetu, Madam Wairimu, akatuletea zaburi moja ya zamani tuiimbe mwisho wa tamasha. Nilipoona karatasi, karibu niruke. Zaburi hiyo naijua tangu utotoni, kila noti. Na ndani yake kuna mahali ambapo kwaya nzima inashuka chini kabisa na tenor mmoja anabaki juu peke yake. Nikajiambia, Mungu ananipenda.

Jana Madam akasema, "Leo wacha Felix ajaribu hiyo solo. Tuskie tu."

Tuskie tu! Nani aliwahi kurudishiwa kitu chake baada ya "tuskie tu"?

Felix akaimba. Ningependa sana kuandika hapa kwamba alikwaruza, au alipotea njiani. Hakupotea. Kuna dada mmoja wa soprano aliyekuwa amezamisha mkono kwenye mkoba akitafuta chaja, na Felix alipoanza, mkono ukabaki humo humo mpaka akamaliza. Mimi nikiimba, huyo dada hajawahi kuacha kutafuta kitu.

"Felix, hiyo utaishika wewe," Madam akasema. "Atis, hakuna shida?"

"Hakuna shida, Madam."

Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kama ingeishia hapo, leo ningekuwa nimenuna tu kawaida, nikale chapati, niamke kesho nikiwa mzima. Lakini Madam ana desturi yake. Kabla ya kila tamasha anachagua sauti moja, na kila mwimbaji wa sauti hiyo anasimama kuwaeleza watu muziki wake ulianzia wapi. Anasema msikilizaji akijua ulikotoka, anakusikia vizuri zaidi. Safari hii ni zamu ya tenor. Kwa hiyo baada ya chai tukavuta viti vya plastiki, tukakaa kwa duara, tukaanza kujaribu hizo hadithi zetu.

Mwaniki akafungua. Kwao ni wale watu waliokuwa Kawangware kabla haijakatwa kuwa ploti, na sebuleni walikuwa na kinanda cha mbao na mwalimu wa kuja nyumbani. Alituambia mwalimu akibisha mlango, yeye alikuwa anajifungia chooni. Watu wakacheka. Mimi nikamwangalia nikiwaza, mtu anakimbiaje kinanda? Halafu Shadrack akaeleza jinsi alivyopuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, wakipita barabarani na yunifomu nyeupe, na jinsi tarumbeta ilivyomfundisha kuhifadhi pumzi. Hata yeye nilimwonea wivu kidogo, kwa sababu ya ile yunifomu. Jana nilikuwa na wivu wa kumgawia kila mtu.

Ikafika kwa Felix.

"Mimi nimekulia Kambi Muru," akasema. "Mathe alikuwa anauza omena. Buda sikuwahi kumjua. Sasa kulikuwa na mzee mmoja Kianda, fundi wa nguo, tulikuwa tunamwita Mwalimu Odhi. Kila Jumapili mchana anatuitanga kwake, maboyz tu, anatufunza solfa, zile do-re-mi, bure. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Alinishika hapa," akagusa chini ya mbavu, "akaniambia, 'Fele, sauti haikai kwa shingo, inakaa hapa.' Alikuwa ananipea mpaka sahani yake ya chakula. Huyo ndiye baba yangu kwa muziki. Hata leo nikiimba, yeye ndiye naskia."

Ukumbi mzima ukafanya "woi".

Mwalimu Odhi ni babangu. Babangu mzazi.

Kwaya nzima hakuna anayejua. Huko mimi ni Atis tu, si Atieno, na jina la mzee sijawahi kulitaja. Felix naye hakunitambua, wala mimi sikumtambua. Siku hizo alikuwa mmoja wa wale watoto wenye sweta za shule zinazofika magotini, na sasa ana ndevu. Mimi nilikuwa yule anayeingia na birika kichwa chini, anamwaga chai, anatoka.

Niandike yote tu, maana nikiyaacha ndani yataoza. Baba hakuwahi kunifundisha kuimba. Nilimwomba, nikiwa bado msichana mdogo. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, hata hakukasirika. Akaniambia, "Tenor ni ya wanaume, nyathina, mwanangu. Wewe simama na mama yako huko kwa sauti ya pili." Akaendelea na uzi wake.

Basi nikajifunzia nyuma ya ukuta. Tulikuwa na vyumba viwili, katikati pametengwa kwa mbao zilizobandikwa magazeti. Upande wa mbele Baba na vijana wake, upande wa nyuma mimi na vyombo. Solfa niliipata huko, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni. Mahali pa kuvuta pumzi nilipajua huko. Niliweza kujua Baba amemshika kijana mbavu kwa kusikia tu sauti ya huyo kijana ikifunguka. Niliimba nao kwa kunong'ona, wimbo baada ya wimbo, mpaka Mama ananiambia sufuria imeisha kung'aa zamani.

Na ile sahani ya chakula aliyopewa Felix, ni mimi niliyeiosha.

Madam akaniangalia. Zamu yangu.

"Mimi nilijifunza jikoni," nikasema.

Wakacheka, wakidhani ni utani. Hata Felix alicheka. Madam akasema nitaongeza nyama kidogo kabla ya tamasha.

Tukasimama kuimba zaburi, na jana ndiyo mara ya kwanza tulifika ukurasa wa mwisho. Karibu na mwisho kuna mahali ambapo tenor wanaingia kwa nguvu kabla ya wengine. Mwaniki na Shadrack wakaingia. Mimi nikangoja kidogo, kama ninavyoijua, kisha nikaingia. Na pembeni yangu kuna mtu mwingine aliyengoja vile vile na kuingia pale pale.

Madam akapiga makofi kutusimamisha. "Nyinyi wawili! Hiyo kimya mmeitoa wapi? Kwa karatasi haiko."

Tukarudia. Tukangoja tena, mimi na Felix. Hata sikukusudia, mdomo ulikataa tu.

"Kwani hawa wameoana?" Shadrack akauliza, na ukumbi ukaangua kicheko. Felix hakucheka safari hii. Alikuwa ananiangalia.

Mazoezi yalipoisha nilichukua mkoba wangu nikatoka mbio. Alinipata kwa kibanda cha chapati nje ya geti.

"Atis, ngoja. Wewe ulifunzwa na nani?"

"Hakuna mtu alinifunza."

"Zii. Hiyo kimya ni ya Mwalimu Odhi. Sijawahi kuiskia mahali ingine."

"Ni babangu," nikasema. Neno nililitupa kwa nguvu, nikitaka limuumize. Nilitaka aone aibu kwa kila pumzi aliyofundishwa na kila tonge alilokula kwetu.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Woi! Wewe ndio yule msichana wa chai?"

Msichana wa chai. Mama wa kibanda akatuangalia wote wawili, akatuwekea chai bila kuulizwa. Tukakaa kwa benchi. Felix akawa anazungusha kikombe.

"Sasa naelewa," akasema.

"Unaelewa nini?"

"Hiyo kimya. Sisi tukifika hapo, Mzee alikuwa anainua kidole, tunanyamaza. Halafu anaangalia ule ukuta wa magazeti. Anangoja. Anashusha kidole, ndio tunaendelea. Kila Jumapili, hiyo wimbo tu, hapo tu. Siku moja nikamuuliza, Mwalimu, tunangoja nini? Akasema, 'Kuna mtu anaijua hii kuliko nyinyi wote. Nataka kuskia kama ataingia.'"

Akatikisa kichwa. "Sisi tulidhani anamaanisha Mungu."

Sikunywa ile chai.

Kwa sababu mimi najua nilichokuwa nikifanya wakati huo, upande wangu wa mbao. Wale vijana wakinyamaza ghafla, nilijua nimesikika. Nilijua nimepatikana. Nilisimamisha mikono ndani ya maji ili hata vijiko visigongane, nikashika pumzi, nikangoja kuitwa nigombezwe. Hakuna aliyeita. Wakiendelea, ndipo nami nilipumua na kuendelea nao. Ndivyo nilivyoijua hiyo kimya vizuri hata mpaka jana nilidhani ni sehemu ya wimbo.

Yeye alikuwa ananingoja niingie. Mimi nilikuwa nangoja aache kusikiliza.

Asidhani mtu kwamba wivu umeisha hapo, nikamkumbatia Felix, tukalia pamoja kwenye kibanda. Wivu uko. Jana usingizi ulikuja kwa shida kwa sababu ya hasira, na hasira zote zilimwendea Baba. Ukuta ulikuwa wa mbao! Mlango ulikuwa pazia! Mtu anayeweza kumshika mbavu mtoto wa watu na kumwambia sauti inakaa wapi, anashindwaje kusema, "Atieno, njoo"? Neno moja. Labda alishaniambia tenor ni ya wanaume na hakujua jinsi ya kulirudisha mdomoni. Labda aliona aibu mbele ya vijana wake. Labda ndivyo alivyokuwa anasema "njoo", na alidhani nasikia. Felix alipewa mikono. Mimi nilipewa kidole kilichoinuliwa upande wa pili, ambapo nisingeweza kukiona.

Na bado nataka solo yangu.

Leo baada ya ibada nimempigia. Yuko ushago, kijijini kwetu, siku hizi, cherehani aliiuza, macho hayaoni tena tundu la sindano. Ameniambia habari za goti. Ameniambia habari za mahindi. Nikamwambia tunaimba ile zaburi. Akasema ni wimbo mgumu huo. Nikamwambia kuna mtu anaitwa Felix ameingia kwaya.

"Fele? Fele wa sweta?" Baba alicheka kwa furaha hata akakohoa. "Huyo kijana! Bado anaimba?"

Niliuhisi wivu ukinipanda kutoka miguuni.

"Anaimba. Amepewa solo."

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi niko tu, Baba."

Hakujibu. Nilidhani mtandao umekatika, lakini niliwasikia kuku wake, na mtu akipasua kuni mbali. Alikuwa yuko hapo. Alikuwa hasemi kitu, na haulizi kitu, na hakati simu. Ile kimya ninaijua. Ninaijua urefu wake. Noti ya kwanza ilikuwa tayari iko hapa, chini ya mbavu, nimefungua mpaka mdomo.

Nikashika pumzi.

"Haya, nyathina," akasema mwishowe. "Salimia Fele." Akakata.

Kesho nitampigia tena. Sitamuuliza habari za mahindi, wala sitamtajia Felix. Nitasema tu, "Baba, ni mimi." Akinyamaza, naingia.