Sinywi Tena kwa Kikombe cha Watu

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya nne kwenye foleni. Tumesonga urefu wa malori mawili tangu asubuhi, kisha kimya. Wanasema mtambo wa forodha umelala. Malaba, mpakani na Uganda, naiona pale mbele, mabati yake yanang'aa, na siwezi kuifikia.

Asubuhi wamembeba dereva wa lori la mbao. Watu wanne, kila mmoja na pembe yake ya blanketi. Nilikuwa nimesimama kwa kibanda cha Mama Loise, chai iko mdomoni. Wakapita karibu nami. Macho ya yule mtu yamezama ndani. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima.

Nayajua macho hayo! Obuya ndugu yangu alikuwa nayo. Mafuriko ya Budalang'i, mimi darasa la sita, yeye la tatu. Asubuhi alikuwa akifukuza bata juu ya tuta la mto. Kufikia saa kumi mjomba alikuwa anatafuta mbao za jeneza. Siku moja tu. Hata haikuisha.

Nikatazama kile kikombe mkononi mwangu. Loise ana vikombe kumi na viwili na karai moja. Mteja akimaliza, kikombe kinachovywa karaini, kinakung'utwa, kinajazwa tena. Maji ya karai yalikuwa rangi ya chai yenyewe. Nani alikunywa kwa hiki kabla yangu? Nikamwaga chai chini. Loise akauliza kama sukari imezidi. Nikasema ndiyo, imezidi.

Mchana Mzee Onyuka alikuja dirishani. Lori lake liko mbele ya langu. Tumekanyaga barabara hii pamoja miaka sita, na huniita nyathina, mtoto wangu kwa Kijaluo. Aliangalia nyuma kwanza, halafu akasema polepole — kipindupindu.

Kesho natafuta kikombe changu. Sinywi tena kwa kikombe cha watu.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwachia Mzee Onyuka ufunguo nikatembea mpaka soko la Malaba. Njia nzima mikono mfukoni. Sijagusa kitu wala mtu. Mama mmoja alitaka kunisalimia kwa mkono, nikajifanya nakohoa.

Nilijua ninachotaka. Kiwe chepesi, maana hapa tunaishi kama watu wa kambi — unakula chini ya trela, unaoga kwa ndoo, na kila kitu chako unakibeba mgongoni hata ukienda choo. Kisivunjike. Kivumilie maji yanayochemka, hii ndiyo kubwa. Na nisikitupe kesho. Mto Nzoia ukifurika, shamba la mama huvuna vikombe na chupa za watu wa juu ya mto kuliko mahindi. Sitaki changu kimfikie.

Meza ya kwanza, plastiki. Chepesi, sawa. Nikapitisha ukucha ndani, ukaacha mstari. Uchafu utalala humo. Nikarudisha.

Meza ya pili, Opio, Mganda mwenye meno mapana. Ana vitu vya mitumba vya wazungu. Akanitolea kikombe laini kama mpira, akakibonyeza kikawa bapa kama chapati.

"Nyabo, dada, hii ni ya bazungu ya kulala kwa hema. Unakunja, unaweka kwa mfuko. Hata hausikii!"

Nilikipenda, nisidanganye. Lakini pale kinapojikunja kuna mifereji. Nikaingiza kidole, kikatoka na kitu cheusi. Nikafuta kidole kwenye suruali mara tano. Opio akacheka. Mimi sikucheka.

Akatoa kingine, eti kimetengenezwa kwa mwanzi, ni rafiki wa mazingira. Nikamwomba mama wa chai jirani maji ya moto nikijaribu. Kikatoa harufu ya rangi ya kucha, halafu ufa mwembamba. "Eh, hiyo ilikuwa na bahati mbaya," Opio akasema.

Enameli niliiacha kwa uzito, na ilikuwa imebanduka pembeni, kutu tayari.

Mwishowe stili. Cha ukuta mmoja, chembamba, unakiinua mkono unapaa wenyewe. Ndani laini kama yai, hakuna pembe ya kuficha kitu. Mpini wa waya unaojikunja, na kifuniko. Nikamwambia Opio sikichukui mpaka kichemshwe. Akanitazama, akaacha mzaha.

"Mko na ugonjwa huko kwa foleni?"

Nikamrudishia kikombe. Akakipokea, akakitumbukiza yeye mwenyewe kwa sufuria ya jirani, tukasimama wote wawili tukitazama povu.

Jumatano, 7 Mei

Watu wawili zaidi wamechukuliwa. Mmoja mwanamke anayeuza simu.

Akiror amepita na kipaza sauti. Ni mhudumu wa afya wa hapa hapa, Mteso, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Kwanza Kiteso, halafu Kiswahili: msishiriki kikombe, msinywe maji ambayo hayajachemshwa, ukiharisha sema mapema, usijifiche. Akasema ugonjwa unaweza kukaa ndani ya mtu mpaka siku tano kabla ya kutokea. Siku tano! Nilihesabu kutoka Jumatatu, kutoka kile kikombe cha Loise.

Loise ameficha vikombe vyake kumi na viwili, ameleta vya karatasi. Watu wanakunywa wanatupa hapo hapo. Kufikia saa sita mtaro wote ulikuwa mweupe kama kuna harusi imepita.

Mimi nachemsha maji yangu kwa jiko dogo, nasubiri stili ipoe kidogo, maana inaunguza mdomo — hiyo ndiyo kasoro yake. Nimekishonea mfuko kwa kitambaa cha leso ya zamani. Sasa kinashikika.

Halafu nilifanya kitu kibaya. Mzee Onyuka alikuja na dawa ya presha kiganjani. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe changu apate maji. Miaka sita tumekula ugali sahani moja! Nikakivuta. Nilikikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Nyathina," akasema. "Mimi ni mgonjwa?"

"Hapana, Mzee. Ni vile tu wamesema…"

"Wamesema. Sawa."

Akazimeza dawa kavu mbele yangu. Akaenda. Ningeweza kummiminia maji kwenye kifuniko. Hilo limenijia nusu saa baadaye.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua tangu saa nne asubuhi. Mvua ya kupiga mabati.

Maji yamejaa barabarani kwa sababu hayana pa kupita. Nilishuka na mwavuli kuangalia. Kalvati imeziba — vikombe vya karatasi, mamia, vimegeuka uji mweupe mdomoni mwa bomba. Tuliambiwa vingetuokoa. Choo cha foleni kiko upande wa juu. Nilisimama nikaona maji yakitoka huko, yakiteremka polepole, yakipita chini ya matairi, yakiingia kibandani kwa Loise. Pipa lake fupi la maji liko chini, kifuniko kiko upande. Mawimbi madogo yalikuwa yanaruka ukingo wake.

Nikapiga kelele, "Mama, pipa! Hayo maji ni ya choo!"

Loise alikuwa anaokoa unga. Akasema pipa liko juu ya mawe, maji yake ni safi, nisimharibie kazi mbele ya wateja. Alikuwa karibu kulia. Nikarudi kwenye lori nikafunga vioo.

Nasema ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Saa saba nilimwona Mzee Onyuka kibandani. Nilimwona akiokota kikombe cha karatasi, akakitumbukiza kwa lile pipa, akanywa dawa yake. Ningepiga honi. Mkono ulikuwa juu ya honi kabisa. Nikawaza: amenikasirikia, atafikiri namzomea. Nikawaza: labda pipa kweli liko juu ya mawe.

Sikupiga.

Ijumaa, 9 Mei

Saa nane mchana.

Foleni imeanza kusonga saa tano. Ghafla tu! Injini zikawaka, watu wanashangilia. Lori la Mzee Onyuka halikusonga. Nyuma yangu honi, matusi. Nikashuka nikaenda kugonga mlango wake.

Alikuwa amelala kwenye kiti, shati limelowa. Harufu ilinijibu kabla hajasema. Nikarudi nyuma hatua tatu. Kweli nilirudi. Nilikuwa Budalang'i tena, nimesimama mlangoni kwa mama, wananikataza kuingia.

"Nenda tu, nyathina," akasema. "Pita pembeni. Utapoteza nafasi."

Nikampigia Akiror, namba yake aliitangaza Jumatano. Akasema gari la wagonjwa limeenda Busia, ndiyo linarudi, nisingoje. Nina zile pakiti za chumvi na sukari za kuharisha alizotugawia Jumatano? Ninazo. Nichanganye moja na lita nzima ya maji safi, nimpe kidogo kidogo, bila kuacha. Akitapika, nipumzike kidogo, nimpe tena.

Chupa ya lita ilikuwepo, haijafunguliwa. Nikachanganya. Mzee akashindwa kuinua chupa, ikamwagikia kifuani. Nikatazama nje. Watu wote wamesimama mbali, wameshika pua. Loise amesimama mlangoni kwa kibanda, leso mdomoni, anatikisa kichwa tu.

Nikaenda nikachukua kikombe changu.

Nilifunga mikono kwa mifuko ya mkate, sikuwa na glavu. Nikamshika kisogo kwa mkono mmoja. Kichwa chake kilikuwa kizito sana, na ngozi baridi kama samaki. Stili ilikuwa inagonga meno yake — tik, tik, tik. Akinywa, nahesabu. Akitapika, nangoja, naanza tena. Chupa ya kwanza ikaisha, tukaanza ya pili.

Katikati akafungua macho akaona kile anachonywea.

"Leo umenipa," akasema.

"Kunywa, Mzee. Usiongee."

Nilitaka kumwambia kuhusu pipa. Nikajaza kikombe tena.

Gari limemchukua saa saba, lori lake likasogezwa pembeni, na foleni imekwama tena. Waliponiuliza mimi ni nani wake nikasema binti. Kikombe nimekichemsha, nikakichemsha tena, nikakisugua na dawa ya madoa. Mikono pia, mpaka imechubuka. Bado nasikia ile harufu. Inatoka kwangu ama iko tu puani?

Jumamosi, 10 Mei

Saa mbili asubuhi. Akiror amenipigia. Mzee Onyuka yuko hai, wamemtundikia maji ya mshipa, usiku alikojoa, na kukojoa ni ishara njema. Amesema maji yale ya mwanzo yalimsaidia. Nililia kwenye usukani.

Saa nne. Nimemwendea Loise. Tumemwaga pipa pamoja. Akauliza kama nitamtaja kwa watu wa afya. Ana kibanda hiki miaka kumi na moja, kimesomesha watoto. Nikamwambia watataka kujua ni nani alichota hapo jana na juzi. Akakaa chini juu ya jiwe. "Hata mimi nilikunywa," akasema. Sikuwa nimefikiria hilo! Nilikuwa namwona kama adui, kumbe anaogopa kama mimi.

Saa saba. Tajiri mwenye mzigo amepiga simu. Amesikia habari. Anasema nivuke leo leo. Kule mbele kuna karatasi ya afya inauliza kama umekaa karibu na mgonjwa. Weka hapana, anasema, ni alama tu. Ukiweka ndiyo watakuzuia siku tano na mzigo utaoza.

Saa nane na nusu. Malori matano mbele yangu. Tumbo limenguruma. Sijala tangu jana, ni njaa. Lazima ni njaa. Limenguruma tena.

Saa tisa. Lango naliona. Akiror anatembea kando ya foleni, kwa miguu, glavu za buluu, daftari mkononi. Anagonga kila mlango, anauliza nani alimgusa mzee wa jana, nani alichota maji kwa kibanda. Madereva wanatikisa vichwa. Hakuna aliyegusa. Hakuna aliyechota. Nimewaona kwa macho yangu, angalau wanane walichota! Yule wa lori jekundu alichota mara mbili, na sasa anatikisa kichwa.

Amebakiza malori mawili kunifikia. Lango limefunguliwa. Askari ananipungia mkono, njoo, njoo. Nafasi mbele yangu ni wazi kabisa, ningeweza kupita kabla hajafika. Tumbo tena. Mdomo umekauka.

Nyuma wameanza kupiga honi. Nimezima injini. Nimefungua mlango, namngoja Akiror.