Shemeji na tovuti ya makochi

Wewe, soma hii kisha uniambie kama mimi ndiye mjinga.

Si unajua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye anayeshughulikia tovuti ya karakana? Kila wiki ananionyesha kwenye simu yake. Anaandika "fundi makochi", sisi wa kwanza. Wa kwanza kabisa.

Leo kaja mama mmoja na kochi lililochanika. Nikamwambia kwa maringo, hebu nitafute Google kwa simu yako, andika "fundi makochi". Ukurasa wa kwanza hatupo. Wa pili hatupo. Akaniuliza, "Baba, una hakika mna tovuti?"

Nikampigia shemeji. Eti simu ya yule mama ni mbovu.

Nikajaribu kwa simu ya jirani muuza rangi. Hatupo. Akacheka: "Simu ya shemeji yako inamletea anachokifungua kila siku."

Nikampigia tena. "Basi waambie waandike jina la karakana," anasema. Sasa anayelijua jina langu ananitafutia nini? Nawataka wasionijua, karakana imepooza.

Halafu, kwa sauti ya chini: "Shemeji, haya tusimwambie dada."

Kama simu za watu ndizo mbovu, mbona anamwogopa dada yake?