Mti wa Kupimia Ziwa

Mwanza
14 Septemba 1997

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, chakula cha bweni kinashuka, na kile kikohozi cha likizo kimekwisha. Mama anaendeleaje na mgongo wake? Mwambie cherehani isimkalishe kutwa nzima.

Hapa shuleni kuna jambo jipya. Sisi wote wa Kidato cha Tano tumepewa kazi ya utafiti ya mwaka mzima, kila mtu na swali lake mwenyewe, na alama zake zinaingia kwenye ripoti ya kupanda Kidato cha Sita. Anayetuandaa ni Mwalimu Wilhelmina wa Jiografia. Baba, huyu mama hafundishi kama wengine! Wiki tatu sasa hajatupa jibu hata moja. Juzi alitupeleka ufukweni, kila mtu mbele ya jiwe lake kubwa, tukakaa saa mbili kimya tunaangalia mawe. Kisha akaniuliza, "Modesta, umeona nini?" Nikajibu, jiwe. Darasa zima likacheka. Akasema, "Rudi ukaangalie."

Nimerudi, na ndipo nikaona mstari mweupe umezunguka jiwe lote, juu ya kichwa changu. Maji yaliwahi kufika pale! Nimezaliwa kando ya ziwa na sikuwahi kujiuliza linatembea kiasi gani. Basi hilo ndilo swali langu: kwa mwaka mmoja, ziwa linapanda na kushuka kiasi gani?

Naomba unisaidie. Mti anaokuletea jirani yetu Rozina kwa meli nimeuchoma alama kwa msumari wa moto, sentimita kwa sentimita. Uchomeke majini pale mnapofunga mitumbwi, usome kila asubuhi, uandike kwenye daftari. Andika kwa kalamu, ukikosea piga mstari mmoja, usifute. Na usiandike unachotaka kuona, andika ulichoona. Hayo si maneno yangu, ni ya Mwalimu.

Ni mimi mwanao,
Modesta


Nansio
5 Oktoba 1997

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako mgongo umetulia, mdomo ndio haujatulia, ananisimamia hapa niandike mwandiko mzuri.

Mti nimeupokea. Nimeuchomeka tarehe ishirini Septemba, maji yakanifika magotini, arobaini kamili. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye nyavu nasoma. Wenzangu wananicheka. Mhoja kaniuliza kama kiwanda cha samaki siku hizi kinanunua na maji. Nimemwambia anyamaze, hii ni elimu ya juu.

Lakini niulize na mimi: Serikali ina watu wa kupima ziwa, wewe unapima la nini? Au basi, usinijibu. Nitapima.

Baba yako,
Obedi


Mwanza
1 Februari 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo, na poleni sana na hizi mvua za Elinino. Nasikia kwa Rozina choo cha Mhoja kimekwenda na maji. Nyumba yetu iko salama? Huku barabara ya Magu ilikatika, malori ya pamba yakalala njiani siku tatu.

Namba zako zote zimenifikia na nimezipanga. Mwalimu amezitazama muda mrefu. Novemba zinapanda mpaka themanini na sita, kisha wiki haina kitu, halafu arobaini. Krismasi zimefika sabini na tisa, wiki haina kitu, arobaini tena. Ameniuliza, "Ziwa lote hili lishuke karibu nusu mita kwa wiki moja, na mvua inanyesha?" Hapa kwenye mawe naona mwenyewe maji yanapanda tu.

Baba, kuna nini kinatokea huko kwetu?

Mwanao,
Modesta


Nansio
12 Februari 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nyumba iko salama, shamba la mihogo la chini limekuwa bwawa.

Hakuna kinachotokea, ni kazi nzuri tu inafanyika. Mvua ikichachamaa nauchomoa mti nauweka darini, mawimbi yasiuchukue. Umeuchoma alama kwa mikono yako, nikuambie nimeupoteza? Ikitulia nauchomeka upya pale maji yanaponifika magotini, kama siku ya kwanza. Nimekwisha kuuhamisha mara tatu. Na vigingi vya mitumbwi tunafanya vivyo hivyo, maji yakisogea navyo tunavisogeza, tangu enzi za babu yako. Ulitaka mti ubaki kule kwenye kina nani akausome, mamba?

Mwambie mwalimu wako atulie. Mti unatunzwa.

Baba yako,
Obedi


Mwanza
8 Machi 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa. Baba, mti haukupaswa kuhama. Maji ndiyo yahame, mti ubaki. Ukiusogeza kila yanapopanda, mti utasema magotini mpaka ziwa lifike kanisani. Kwa zile namba, mwaka huu wa mvua ambayo watu wazima wanasema hawajaiona, ziwa letu halikupanda.

Sikulaumu. Nilikuandikia kalamu na daftari na usifute, sikukuandikia usihamishe. Nimemweleza Mwalimu Wilhelmina yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema, "Hilo ni kosa la mtafiti, si la baba yako. Daftari libaki kama lilivyo." Basi nina miezi mitano isiyosema kitu, na kazi inakusanywa Juni. Rafiki yangu Queen ananiambia nipike namba, nani atakwenda huko kwenu Ukerewe kuhakikisha? Jana niliishika kalamu kabisa. Sikuandika, ila nimelia sana.

Pumzika baba, usihangaike tena na mti. Nitapeleka nilichonacho, na sifuri ikija itakuwa yangu.

Mwanao,
Modesta


Nansio
31 Mei 1998

Mwanangu Modesta,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia, maana hujaniandikia tangu Machi na mimi sijakuandikia. Nisamehe. Nilikasirika, nikanuna, mama yako akaniambia nanuna kama bibi harusi. Hasira yenyewe nilikuwa najikasirikia mimi. Mti lakini sikuupumzisha. Tangu barua yako nausoma kila siku na sijaugusa, hata mawimbi ya Pasaka yalipoupiga niliufunga kwa mawe palepale.

Sasa nisikilize, nikueleze jambo nililoliona jana.

Nilikuwa nimelala nawaza ule mti. Nikakumbuka kila nilipochomoa, shimo niliziba kwa jiwe la ukubwa wa kichwa, ndivyo tunavyofanya hapa, ng'ombe wakija kunywa wasivunjike mguu. Basi mahali pote papo! Pako chini ya maji lakini papo. Na ziwa bila upepo halina mlima, juu ni sawasawa kote. Nikipima kina cha leo kwenye kila jiwe, si nitajua jiwe hili limepishana na lile kiasi gani? Na nikijua hilo, zile arobaini zako zote zitajulikana zilipokuwa.

Nilimwamsha mama yako. Akasema, "Obedi, kumbe una akili." Miaka ishirini na sita ya ndoa!

Jana kulikucha shwari kabisa. Tukapiga maji kwa makasia kufukuza mamba, tukaingia tunatafuta mawe kwa miguu. Nikawaambia kila mmoja asimame juu ya jiwe lake asisogee. Mama yako kwenye mti wa sasa, maji mapajani: sabini na moja. Rozina, mahali pa tatu, yakamfika kifuani: mia na kumi na nane. Mhoja, mahali pa pili, amenyanyua kidevu: mia na hamsini na saba, na safari hii hakuwa na utani. Mahali pa kwanza tulimweka Luhaga, unamjua urefu wake. Alizama mara nne akalipata jiwe, akasimama juu yake, na nje ukabaki mkono. Mkono tu, mwanangu. Nikapima kwa kasia na utepe wa mama yako wa cherehani, mara mbili: mia mbili na tatu.

Pale ndipo maji yaliponifika magotini mwezi wa tisa.

Nilisimama kwenye mtumbwi nikawatazama walivyopangana, mmoja mapaja, mmoja kifua, mmoja kidevu, mmoja mkono, na ziwa limetulia kama halijafanya kitu. Nimevua humu tangu nina miaka kumi. Nilijua linatupa samaki na nilijua linaua. Sikujua lilikuwa linainuka hivi, lote, mpaka Kenya, mpaka Uganda, na mimi nipo mlangoni pake nahamisha kijiti. Niliogopa, nikavua kofia. Luhaga alikuwa anakosa pumzi, Mhoja akapiga kelele nimruhusu atoke.

Namba zote ziko nyuma ya karatasi hii. Hakuna nilichofuta.

Baba yako,
Obedi


Mwanza
19 Juni 1998

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na kwa mama, na Rozina, na Mhoja, na Luhaga mpe mbili zake.

Barua yako niliipeleka kwa Mwalimu Wilhelmina mbio, sijavaa hata viatu. Aliisoma akiwa jikoni kwake, ugali ukaungua. Akaisoma tena. Kisha akachukua chaki akachora ukutani mawe yako manne, tukaanza kuzirudisha namba mahali pake, siku kwa siku. Zilipokaa, mstari ulipanda, baba! Kutoka Septemba mpaka Mei, bila kukatika isipokuwa zile wiki za dari. Sentimita mia moja sitini na tatu.

Lakini Mwalimu ni Mwalimu. Akasema, "Inapendeza. Sasa tutajuaje ni kweli?" Akanichukua mpaka bandarini, wana kipimo chao cha chuma kwenye gati, na daftari lake. Tulisubiri toka asubuhi hadi saa nane. Karani akatoa daftari, akasoma la tarehe ishirini Septemba, akasoma la tarehe thelathini Mei, akatoa dogo kwenye kubwa.

Mia moja sitini na moja.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya watu. Mwalimu alikuwa amejishika mdomo. Karani akauliza nyie wenzetu mmepima kwa mtambo gani, na Mwalimu machozi yanamtoka. Ikabidi nimwambie mimi: kwa mti, na watu wanne, na baba.

Nimepata tisini na nne. Zile sita zimekatwa kwa sababu ya wiki za dari, na ni haki. Kazi yangu ndiyo itakayosomwa siku ya wazazi, tarehe kumi na nane Julai. Njoo, baba. Karani naye anakuja, amesema anataka kukuona. Ameomba umweleze zile sentimita mbili zilizozidi.

Mwanao,
Modesta


Nansio
28 Juni 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nakuja, na Luhaga anakuja, mama yako anatushonea mashati.

Hizo sentimita mbili mwambie karani akaangalie mti wake vizuri. Wangu haujahama tangu Machi.

Baba yako,
Obedi