Masaa ya Barakoa

2 Machi

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, ila roho haitulii, ndiyo maana naandika; kwenye simu wewe kila kitu ni "salama tu," halafu unakata.

Shangazi amenieleza yote. Ulisinzia mchana kwenye cherehani, sindano ikapita kidoleni, ukamwambia mteja ni kawaida. Si kawaida, baba. Daktari amesema pumzi inakukatika mara nyingi usingizini, na sukari yako imefika mpakani: bado si kisukari, ila imeshapiga hodi, na hayo mawili yanachocheana. Babu alianza hivyohivyo, akaishia kutotofautisha uzi mweusi na wa buluu. Naogopa macho yako.

Mashine ya kukupulizia hewa usingizini umepewa. Vaa barakoa mpaka asubuhi, kila siku, na uniandikie masaa yanayoonekana kwenye kioo chake.

Mwanao, Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu, marahaba. Sisi wazima. Kidole kimepona, ukucha tu ndio umenuna.

Hiyo mashine inapuliza utadhani nimeikosea. Na mikanda ya barakoa ameishona mtu mvivu. Nimeirudia, sasa hainikati shavu. Naivaa nikipanda kitandani. Masaa: matatu, matatu na nusu, matatu. Mama yako anasema nyumba imekuwa kimya sana.

Dukani bado nasinzia. Ni joto tu.

Baba yako

28 Machi

Baba, shikamoo. Habari za huko.

Masaa matatu! Nimemuuliza muuguzi wa hapa hotelini kazini. Anasema pumzi hukatika zaidi kuelekea alfajiri, na mwili ukihangaika hivyo sukari nayo inapanda. Nusu usiku si tiba. Unaivua, unanificha, unasingizia joto. Mwezi wa sita unapimwa tena sukari, utamwambia nini daktari?

Kama huwezi kuniandikia ukweli, basi usiniandikie.

Mwanao

30 Aprili

Baba, shikamoo. Mwezi mzima. Miaka yote hunisikii, hili moja ndilo ukaona unitii?

Nakunja mashuka ya hoteli huku nawaza umeanguka kwenye cherehani. Simu hupokei, mama anasema "yupo, yupo." Nisamehe ukali wangu. Niandikie hata uongo.

Kitindamimba wako

6 Mei

Mwanangu, marahaba. Tupo wazima, tulia.

Sikukasirika, niliona haya. Kila asubuhi niliikuta barakoa imetundikwa msumarini, nikadhani naivua mwenyewe usingizini. Nikaona uzee umeniingia vibaya. Juzi nikajifanya nimelala. Usiku wa manane ukaja mkono, ukafungua mkanda taratibu. Nikaudaka.

Mama yako.

Alilia, mwanangu. Miaka kumi na sita amekuwa akilala nusu, anasikiliza pumzi yangu, ikikatika ananipiga kiwiko. Nami nilikuwa namlaumu kwa hivyo viwiko. Sasa sikoromi, basi anashtuka kwenye ule ukimya, anadhani nimekufa. Anaivua. Nikianza kukoroma, ndipo anapata usingizi.

"Ungeniambia," nikamwambia.

"Nikuambie nini? Kwamba nakuharibia dawa?"

Tulienda wote kwa muuguzi wa kliniki. Alinivalisha barakoa palepale, akachukua kiganja cha mama yako, akakiweka mbele ya vile vitundu vinavyotoa hewa. "Ukiwa na wasiwasi, mama, gusa hapa. Usivue." Mama yako alikaa nacho hapo muda mrefu, foleni nzima ikitungoja.

Usimwandikie kumlaumu. Nimekukataza.

Baba yako

20 Juni

Kitindamimba wangu, marahaba ya salamu zako zote. Hali yetu ni nzuri, na safari hii si "salama tu."

Masaa: sita na nusu, saba, saba. Sukari imeshuka kidogo. Daktari anasema mpaka hatujauvuka kurudi, ila tumegeuka upande wa nyumbani. Ameniongezea matembezi, na mama yako ndiye msimamizi, hana huruma. Wiki hii nimeshona suti nyeusi kwa uzi mweusi, mchana kutwa, bila kusinzia.

Jana mama yako alilala kabla yangu, kiganja kikiwa mbele ya barakoa. Kumbe naye anakoroma. Nilibaki macho kidogo, namsikiliza.

Baba yako